Barabara inapita kwenye mikarafuu yetu, fidia inahesabiwaje?

Swali: Assalamu alaykum. Huku Wete, Pemba, barabara inapanuliwa, alama nyekundu zimefika ukutani na kwenye mikarafuu. Ardhi ni ya serikali, basi tunalipwa nini?

Jibu 1: Waalaykumu ssalaam. Kweli, Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya Zanzibar ya 1992 inatoa haki ya matumizi tu. Lakini vipando na majengo vina wenyewe. Kwetu mti huweza kuwa wa mtu mwengine kabisa, si mwenye kiwanja, kwa hivyo warithi wajulikane kabla mthamini, anayekadiria thamani ya mali, hajafika; malipo mengi hukwama hapo. Hesabuni miti mbele ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa: miche mbali, inayozaa mbali, mikongwe mbali. Pigeni picha. Fomu yenye nafasi tupu isitiwe saini, na nakala ibaki kwenu.

Jibu 2: Na maji jee? Tuta la barabara likinyanyuliwa nusu mita, nyumba zinabaki bondeni. Masika yakija maji yanaingia ukumbini. Daini kalvati, yaani njia ya maji chini ya barabara, kila penye mkondo wa zamani kabla kifusi hakijashindiliwa, baadaye itabidi lami ikatwe. Kalvati jembamba nalo huziba kwa makuti na mchanga.

Jibu 3: Bomba la maji lihamishwe kabla ya greda kuingia. Likipasuka, mtaa mzima unakosa maji.