Naomba ushauri: kusoma kiasi cha fedha chenye alama ya sarafu

Ndugu wataalamu, ninaandika kwa Java (lugha ya kuandikia programu) programu inayopokea mafaili ya malipo kutoka nchi mbalimbali na kugeuza maandishi kama "1.234,56 €" yawe namba. Natumia NumberFormat ya sarafu (chombo cha Java cha kusoma na kuandika namba) yenye mpangilio wa Ujerumani, lakini maandishi hayo, ambayo kwa macho hayana kasoro yoyote, hukataliwa kwa ParseException (kosa la kushindwa kusoma maandishi) pale nafasi iliyo kabla ya alama ya euro inapokuwa ya kawaida (U+0020 katika orodha ya herufi za Unicode) badala ya ile isiyoruhusu mstari kukatika hapo (U+00A0). Kifaransa ndicho kinachochosha zaidi, kwa kuwa matoleo mapya ya Java hutenganisha maelfu kwa nafasi nyembamba, U+202F, ilhali mafaili ya zamani yana U+00A0.

Nimefikiria kuondoa kwanza nafasi zote pamoja na alama ya sarafu, kisha kusoma tarakimu zilizobaki. Njia hiyo ni nyepesi, ila haijaniridhisha: alama $ hutumiwa Marekani, Kanada na Australia, hivyo nikiifuta bila kuhifadhi msimbo wa ISO 4217 (herufi tatu za kutambulisha sarafu, kama USD) nitapoteza taarifa, na "1.234" bado itasomeka elfu moja na ushei kwa Mjerumani, moja na ushei kwa Mwingereza. Mambo ya kukisia kwenye fedha siyataki kabisa.

Je, nilazimishe kila faili lije na msimbo wa lugha, nchi na sarafu, au kuna maktaba ya programu inayovumilia tofauti za nafasi bila kulegeza ukaguzi wa mengineyo?