Ushauri: nimeitwa mafunzo ya kusaidia wagonjwa wa akili, niende?

Fundi Taa: Wakuu, habari za jioni. Nimeitwa mafunzo hapa Dar, ya sisi tuliowahi kuugua akili, ili baadaye tukae na wenzetu kliniki tuwasikilize. Nililazwa mara mbili. Huko tutasimulia tuliyopitia, na ukweni hawajui kitu. Niende?

Mama Watatu: Mwambie mchumba kwanza, mdogo wangu. Mimi nilificha kifafa miaka minne, nikaja kuangukia jikoni mbele ya mama mkwe, na wali wote chini. Nilichoulizwa siku ile si wali.

Konda Mstaafu: Posho bei gani? Na mimi nina stresi.

Nanga: Mkuu, jambo hili si geni. Mradi wa UPSIDES ulilifanya Dar na Kampala. Hufundishwi udaktari, unafundishwa kusikiliza, kutunza siri, na kujua wapi uishie umwite nesi. Cha kusimulia unachagua mwenyewe. Dawa unatumia?

Fundi Taa: Nimeuliza habari ya ukweni.

Nanga: Na mimi nimeuliza dawa.

Fundi Taa: Mafunzo yanaanza saa mbili asubuhi, na olanzapine inanilaza mpaka saa nne. Nikawa nakata kidonge nusu kwa wembe. Tangu Jumapili sijameza kabisa. Siwezi kusinzia mbele ya watu waliokuja kuona mtu aliyepona. Na niko vizuri, hata usingizi siuhitaji.

Mzee wa Baraza: Chai hii. Mgonjwa wa akili hapangi maneno hivi.

Konda Mstaafu: Hata mimi nimeshtuka, mbona kama hadithi.

Mama Watatu: Muogopeni Mungu nyie.

Fundi Taa: Mzee, mimi ni fundi umeme, nimesoma. Kadi ya kliniki ninayo mfukoni, imelowa jasho mpaka tarehe imefutika. Ulitaka niandike nikiwa uchi barabarani ndiyo uamini?

Nanga: Achana naye. Jana umelala saa ngapi?

Fundi Taa: Sikulala.

Nanga: Juzi?

Fundi Taa: Juzi nilipaka rangi sebule usiku kucha. Imependeza.

Nanga: Mimi kabla sijalazwa nilifua mapazia ya nyumba nzima saa nane usiku. Kesho asubuhi peleka hiyo kadi kliniki, uwaambie hiyo saa mbili inakusumbua. Dozi na muda wa kumeza vinazungumzika. Nani wa kwenu anajua?

Fundi Taa: Dada tu.

Nanga: Mpigie sasa hivi. Sitoki hapa mpaka useme amepokea.

Fundi Taa: Inaita.