Naomba ushauri: mama ana mafuta kwenye ini, anakunywa ute wa yai mbichi

BintiChumbageni: Habari zenu wapendwa. Niko Tanga mjini na mama yangu, ana miaka 54. Alipigwa ultrasaundi, akaambiwa ini lina mafuta. Pombe hajawahi kuionja. Ana kilo 92 na sukari yake iko juu kidogo. Daktari kamwambia apunguze mwili, aache vitamu.

Sasa shoga yake kamtumia ujumbe kuwa watafiti wamegundua ute wa yai unaondoa mafuta ya ini. Basi kila asubuhi anapasua mayai matatu, kiini anampikia mjukuu, ute anaukoroga mbichi kwenye juisi ya machungwa na vijiko viwili vya sukari ili kukata shombo. Naumia nikimwona. Nimkataze, au kuna ukweli?

MuuguziMstaafu: Mwanangu, ujumbe huo una ukweli nusu. Yapo majaribio ya panya: waliolishwa protini ya ute walikutwa na mafuta machache kwenye ini. Lakini panya ni panya. Kwa binadamu kilichothibitika ni uzito. Akipungua asilimia 5 mafuta ya ini huanza kushuka, na asilimia 7 hadi 10 hata ule uvimbe wa ini hupoa. Kwake yeye ni kilo 5 hadi 9 hivi, zipungue polepole.

Mimi kinachonitia hofu ni ile glasi. Utamu wa juisi na sukari ikizidi, ini huugeuza kuwa mafuta, kwa hiyo anabomoa palepale anapojenga. Machungwa ya Muheza ayamenye, ale na nyama zake. Na ute mbichi unaweza kuwa na vijidudu vya salmonela, tena una avidini inayozuia mwili kupata vitamini ya biotini. Achemshe yai.

Mwana_Pongwe: Na kiini asimpe mjukuu chote. Kina kolini, ambayo ini huitumia kusafirisha mafuta yatoke nje. Mtu akikosa kolini, mafuta hubaki humo humo. Kwa upande wa kolini, yai moja zima la kuchemsha lina faida kuliko ute wa mayai matatu.

Kisamvu77: Mpe mizizi ya kuchemsha dada, inasafisha ini kabisa.

MuuguziMstaafu: Hapana, tafadhali. Ini ndilo linalopokea kila dawa tunayokunywa, na kuna mitishamba iliyowahi kuwaua watu ini. Bora apimwe homa ya ini B na C kama bado hajapimwa.

BintiChumbageni: Asanteni sana, nimemsomea yote. Ute mbichi na juisi kakubali kuacha. Shida ni usiku, kwetu wali wa nazi ni karibu kila siku.

MamaNtilie_Ngamiani: Wali usimnyime mdogo wangu, mpunguzie. Robo ya sahani wali, nusu mchicha au bamia, iliyobaki samaki. Wahi soko la samaki la Deep Sea asubuhi uchukue vibua, uwachome, usiwakaange. Tui bubu liache, tumia jepesi tena kidogo. Na jioni tembea naye mpaka Raskazone, maana ukimwachia aende peke yake hatafika hata kona ya pili.

BintiChumbageni: Sawa dada, kesho naanza na vibua. Akirudi kupima nitaleta majibu hapa.