Kisu cha kukunja chenye pete: naruhusiwa kutembea nacho Uingereza?

FundiChuda

Wadau, salaam. Mimi ni seremala hapa Tanga na visu vya kukunja ni ugonjwa wangu tangu utotoni. Marehemu babu alikuwa na kimoja cha mpini wa pembe. Jioni akikaa barazani alikuwa anamenya nacho machungwa, ganda linatoka mkanda mmoja mpaka chini bila kukatika, sisi wajukuu tunagombania kulivaa shingoni. Leo ninavyo 14 kabatini.

Ninachotembea nacho kila siku ni Opinel namba 8 ya Ufaransa, ile ya chuma cha kaboni. Kila jioni nakifuta kwa mafuta ya nazi, maana upepo wa bahari unakitia kutu kwa usiku mmoja. Masika ikishika, mpini wa mbao unavimba na kisu kinakataa kufunguka mpaka nigonge kitako cha mpini kwenye meza ya kazi. Nakipenda hivyohivyo.

Sasa, Agosti nakwenda Leicester kwenye harusi ya dada yangu mdogo, wiki tatu. Nimesikia kule mwisho ni inchi 3. Namba 8 yangu ina ubapa wa sentimita 8.5, kwa hiyo najua hiyo haifai. Lakini ninayo pia namba 6, ambayo haifiki inchi 3. Hiyo si ruksa? Na kuna kimoja cha springi, unabonyeza kitufe ubapa unaruka nje, nilinunua kwa baharia pale bandarini. Nilitaka kumpelekea shemeji awe na ukumbusho. Naomba mwenye kujua kweli anijibu.

Mdigo_wa_Ukunda

Beba namba 6 bila wasiwasi, kaka. Inchi 3 ni sentimita 7.62, uko ndani kabisa. Binamu yangu yuko London, anatembea nacho mfukoni miaka yote.

Baba Salma

Fundi, hesabu ya ndugu yangu wa Ukunda ni sahihi, lakini tafadhali usiifuate. Tatizo la namba 6 si urefu. Ni ile pete shingoni mwa mpini, inayozungushwa kufunga ubapa usikunjike.

Naishi Midlands mwaka wa 19 sasa, kazi yangu ni kutandika mazulia, na nayaandika haya kwa sababu yamenikuta.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 1988, kifungu cha 139. Inakataza mtu kuwa na kitu chochote chenye makali au ncha kali mahali pa umma, isipokuwa kisu cha mfukoni cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3. Watu wengi wanaishia hapo. Mwaka 1993 lilitoka shauri la Harris, mahakama ikaulizwa: kisu cha kukunja ni kipi hasa? Jibu likawa ni kile kinachoweza kukunjwa wakati wowote kwa kukisukuma tu. Kikishafunguka kikajifunga, mpaka ubonyeze kitu au uzungushe pete ndipo kikunjike, basi mbele ya sheria hicho si cha kukunja tena. Ni sawa na kisu cha jikoni. Hapo hata kingekuwa na ubapa wa sentimita 4, ule msamaha wa inchi 3 haukuhusu. Unatakiwa uwe na sababu nzuri ya kuwa nacho, tena wewe ndiye wa kuithibitisha. Adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 4.

Mimi sababu nilikuwa nayo, siku za kazi. Ijumaa moja ya 2017 nilimaliza ngazi za nyumba ya mteja, nikakunja kisu changu cha loki nikakitia mfuko wa ndani wa koti. Jumapili nikavaa koti lilelile kumpeleka Salma kwa shangazi yake kwa treni. Stesheni siku hiyo palikuwa na mlango wa kupima chuma. Ukalia. Askari akaniuliza kwa upole kabisa, hiki cha nini? Nikamjibu ukweli: nimesahau kukitoa. Fundi, nilidhani ukweli utaniokoa. Nikaondolewa pale mbele ya mwanangu wa miaka 8, analia, mama yake akapigiwa simu aje kumchukua.

Mwanasheria niliyepewa kituoni ndiye aliyenifungua macho. Akanieleza shauri la Gregson, la 1993 nalo. Yule bwana alikitumia kisu kazini, siku sita baadaye kikakutwa bado kiko ndani ya koti lake, akasema alisahau. Mahakama ikasema kusahau peke yake si sababu nzuri. Nilihisi wanazungumza habari zangu. Nilikaa mle saa 7, nikapigwa alama za vidole, nikatoka na onyo rasmi, kisu kikabaki kwao. Lile onyo lilinifuata hadi kwenye fomu za uraia, ikabidi nilieleze upya kila nilipoulizwa.

Nikwambie pia ninavyoona. Loki ndiyo inayolinda vidole vya mtu wa kazi. Kisu kisicho na loki ukikisukuma vibaya kwenye zulia gumu kinakurudia, na kovu ninalo kwenye shahada ya mkono wa kulia. Kwa hiyo naona sheria inamnyima fundi kilicho salama kwake. Lakini nimehudhuria mazishi ya kijana wa jirani aliyechomwa kisu, nimemshika baba yake mkono, na siwezi kumlaumu mbunge aliyeamua kukaza.

Sasa mambo yako. Opinel kuanzia namba 2 hadi namba 5 hazina pete. Pete ilibuniwa 1955 na inaanzia namba 6. Ukiwa nayo moja ya hizo ndogo, tembea nayo. Au Victorinox, vile visu vya Uswisi, za kawaida za sentimita 9.1 ikikunjwa, kama Spartan, nazo hazina loki na ziko chini ya inchi 3. Jihadhari tu na zile kubwa zao za sentimita 11.1, nyingi zina loki. Leatherman, zile plaizi za kukunja zenye vifaa vingi, nyingi vilevile. Watu wanatazama plaizi na bisibisi wanasahau kwamba ubapa unajifunga. Spyderco wao walitengeneza modeli mahsusi kwa nchi hii, UKPK, isiyo na loki.

Namba 8 unaweza kuja nayo kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege, kamwe si la mkononi. Kutoka uwanja wa ndege ibaki ndani ya begi lililofungwa mpaka nyumbani kwa dada yako, na pale ndani umenyee machungwa upendavyo. Usiiache kwenye gari. Gari likiwa barabarani ni mahali pa umma.

Cha springi kiache Tanga. Nakuomba. Hivyo vilipigwa marufuku kutengenezwa na kuuzwa tangu 1959, kuingiza nchini pia ni kosa, na tangu Julai 2021 hata kukiweka nyumbani kwako ni kosa. Shemeji yako ndiye angebeba mzigo huo.

Na neno moja la mwisho: hata kisu halali, ukiulizwa kwa nini unacho ukajibu "cha kujilinda", umeshakigeuza silaha kwa mdomo wako. Hiyo ni sheria nyingine, ya 1953, na haijali inchi.

FundiChuda

Baba Salma, shikamoo. Nimesoma mara mbili, na pole sana kwa yaliyomkuta mtoto. Cha springi nimekirudisha kabatini.

Limezuka jingine. Nimempigia dada, kumbe bwana harusi ni wa asili ya Unguja na wazee wake wanataka avae joho, kilemba na jambia kiunoni, lile la Kiomani la babu yao. Jambia halikunjwi! Itakuwaje?

Baba Salma

Marahaba. Mashallah, hilo lina njia yake. Kifungu hichohicho cha 139 kinataja sababu tatu kwa jina: kazi, dini, na vazi la taifa. Ndiyo maana Waskoti wanavaa kile kisu chao kidogo kwenye soksi na Masingasinga wanavaa kirpani, kisu cha dini yao. Jambia juu ya kanzu na joho siku ya harusi nadhani linaelezeka vizuri sana, maana Oman limo mpaka kwenye bendera. Lakini kumbuka huo ni utetezi, yaani unaulizwa kwanza ndipo unajieleza. Kwa hiyo lisafirishwe ndani ya kasha, alichukue mzee mmoja mwenye busara kutoka nyumbani hadi ukumbini, bwana harusi alivae palepale, na akishapigwa picha lirudi kwenye kasha. Ukumbi waambieni wiki moja kabla. Asiende nalo kula chipsi mjini saa sita za usiku na marafiki.

Mwanahawa_Hamburg

Naongezea kwa wanaopitia Ujerumani, maana hapa mambo ni kinyume. Kinachokatazwa kubeba tangu 2008 ni kisu cha loki kinachofunguliwa kwa mkono mmoja, na kisu kisichokunjwa chenye ubapa wa zaidi ya sentimita 12. Opinel namba 8 inahitaji mikono miwili kuifungua, kwa hiyo katazo hilo haliigusi, pete yake na yote. Mume wangu anaendea nayo uyoga msituni. Ila tangu mwisho wa Oktoba 2024 wamekaza: kwenye sherehe za hadhara na treni za masafa marefu visu havitakiwi, isipokuwa kwa sababu maalumu. Kisu cha halali Hamburg kinaweza kukufunga Leicester, kwa hiyo tusishauriane kwa kusema "Ulaya inaruhusu".

Mdigo_wa_Ukunda

Nimekosea, naomba radhi. Nimemtumia binamu maelezo ya Baba Salma. Amekitazama chake, kina loki. Amekitoa mfukoni leo.

FundiChuda

Nimepekua kabati nimeikuta namba 4, niliinunua pamoja na nyingine miaka ile nikaidharau kwa udogo. Haina pete. Sentimita 5. Ilikuwa imeota kutu, nimeisugua kwa jivu na ndimu, nikainoa kwenye kinoo cha babu, jioni nimemenyea chungwa moja kuijaribu. Ganda lilikatika mara mbili. Nina mpaka Agosti.