Chuo kinatuletea wanafunzi 12 wa mafunzo ya kazini: mji unapata nini?

Katibu_Tororo

Habari zenu ndugu. Chama chetu cha wafanyabiashara wadogo wa Tororo na Butaleja, mashariki mwa Uganda, kimeombwa na chuo kupokea wanafunzi 12 kwa wiki 8, kuanzia Juni: wanne wa mitambo, wanne wa uhasibu, wanne wa kuchomelea vyuma. Wanachama wengi wanasema mwanafunzi ni gharama tupu. Anakula muda wa fundi, anaharibu mali, wiki ya nane anatafuta sahihi kwenye daftari lake na kuondoka. Chuo nacho kinasema uchumi wa eneo utainuka, bila kueleza kwa njia gani. Naomba hoja zenye hesabu za kupeleka kikaoni. Pesa inaingilia wapi, inabaki kwa nani, na nini huharibu mpango?

Mama_Karakana

Katibu, anza na pesa iliyo rahisi kuhesabu, halafu uiweke pembeni maana si kubwa. Tuseme mwanafunzi anatumia shilingi 8,000 kwa siku, chakula na boda. Siku 5 kwa wiki, wiki 8, ni 320,000. Wote 12 ni 3,840,000. Lakini ihesabu kuwa pesa mpya kwa wale tu waliotoka nje ya wilaya. Anayelala kwa mama yake Tororo angekula hapo hapo hata bila mafunzo. Na hao wa nje huangushwa na pango: mwenye nyumba anadai miezi mitatu mbele, mwanafunzi anakaa miwili. Ongeeni mapema na wenye vyumba wakubali miezi miwili, la sivyo kijana atapanga mbali na nusu ya siku itaishia barabarani.

Faida ya kweli iko kwenye kazi ambayo biashara zenu haziifanyi kabisa kwa kukosa mtu. Hapo ndipo mpangilie.

Na jambo moja nalisema kwa uchungu: msimwondoe kibarua anayelipwa mkaweka mwanafunzi wa bure. Mshahara wa yule kibarua ulikuwa unanunua sukari na sabuni kwenye duka la jirani. Mwenye karakana ataokoa kidogo kwa miezi miwili na mtaa mzima utapoteza.

Kinu_Doho

Nichukue hao wanne wa mitambo, kwa sababu Butaleja mpunga wa skimu ya umwagiliaji ya Doho ndio uhai wa watu na kwenye kukoboa ndiko tunakopoteza.

Mashine ya chuma ya hatua moja hutoa takriban kilo 50 hadi 55 za mchele kwa kilo 100 za mpunga. Ya rola za mpira ikitunzwa vizuri hufika 65 na kitu. Si kila mtu ana mtaji wa kubadilisha mashine, lakini hata hiyo ya chuma inaweza kupandishwa kidogo kwa kupima na kurekebisha. Mwenye kinu hapimi, foleni ya wateja haimruhusu. Mwanafunzi anaweza.

Wiki mbili za kwanza asiguse mashine. Apime tu. Kila mzigo: kilo za mpunga ulioingia, kilo za mchele uliotoka, kilo za pumba. Kisha achukue gramu 100 za mchele, atenge chenga kwa mkono, azipime. Mizani ya jikoni inatosha.

Unyevu pia apime. Mpunga unakobolewa vizuri ukiwa na unyevu wa asilimia 13 hadi 14. Kama hakuna kipimo, tumieni chupa kavu ya kioo: chumvi kavu kidogo, mpunga hadi robo ya chupa, funga, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mpunga umezidi asilimia 15 na haufai kukobolewa. Upande wa pili, mpunga ulioanikwa juu ya lami kwenye jua kali hupata nyufa ndani usizoziona, ukiingia mashineni unakuwa chenga. Wakulima waelezwe kuanika juu ya turubai, unene wa sentimita 2 hadi 4, na kugeuza kila nusu saa.

Wiki ya tatu ndipo afanye marekebisho pamoja na fundi, moja kwa wakati, ili mjue ni lipi lililosaidia. Kisu kikisogezwa karibu mno na silinda, chenga huongezeka. Neti iliyochakaa hupitisha mchele kwenye pumba, na mkulima anauza mchele wake kwa bei ya chakula cha kuku bila kujua.

Hesabu ya kikao: kinu cha kilo 2,000 za mpunga kwa siku kikipanda kutoka asilimia 55 hadi 57, ni kilo 40 za mchele zaidi kila siku. Siku 6, kilo 240. Zidisheni kwa bei ya soko. Hiyo inabaki kwa mkulima na inaendelea baada ya mwanafunzi kurudi chuoni, mradi fundi aliyebaki amefundishwa kupima.

Karani_Mbale

Wa uhasibu wapelekeni kwenye SACCO za PDM, ule mpango wa serikali wa kukopesha wananchi kupitia parishi. Kila parishi hupangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, milioni moja kwa kila mnufaika, kwa hiyo unazungumzia watu kama 100 wapya kila mwaka, na vitabu vingi viko nyuma. Pesa inayorudishwa bila kuandikwa vizuri haiwezi kukopeshwa mtu mwingine.

Kazi yake: mstari mmoja kwa kila mwanachama, jina, tarehe, kiasi, mradi, marejesho. Kisha kulinganisha na taarifa ya benki mwezi kwa mwezi, na kila tofauti iandikwe, isifutwe. Asishike pesa taslimu wala namba ya siri, na atie sahihi karatasi ya kutunza siri za wanachama.

Katibu_Tororo

Asanteni sana, ndugu na dada. Wa kuchomelea je? Hofu ya wanachama ni vijiti vya kuchomelea. Na wakilipwa kidogo, sheria inasemaje?

Mama_Karakana

Wagawe: fundi mmoja, wanafunzi wawili, si zaidi. Wiki ya kwanza wachomelee mabaki tu, kwa vijiti vya milimita 2.5, ampea 60 hadi 90. Umeme ukizidi wanatoboa bomba jembamba, ukipungua kijiti kinanata, na hapo ndipo vijiti vinapoisha bure. Andikeni vijiti vya kila siku, muone vinavyopungua. Grainda isiyo na kinga wasipewe hata kidogo.

Fedha za chakula na boda ni jambo moja, mshahara ni jingine. Sheria ya Ajira ya 2006 inahesabu mkataba wa uanagenzi wenye malipo kuwa mkataba wa kazi. Na tangu marekebisho ya 2022, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inamhusu kila mwajiri hata mwenye mfanyakazi mmoja: asilimia 10 ya mshahara yako, 5 yake. Kwa hiyo barua ya makubaliano iseme wazi anapewa nini, na akiumia nani analipa hospitali. Iandikwe kabla ya Juni, chuo kisaini.

Mafundi wenu wasio na vyeti nao wasisahaulike. Worker's PAS, hati ya ujuzi iliyoanzishwa na DIT, kurugenzi ya serikali ya mafunzo ya viwandani, inapima ujuzi wa mikono bila kudai cheti cha shule. Msimamizi wa chuo atakuja kukagua wanafunzi. Mwombeni awasaidie mafundi kujiandikisha, na mwombeni aje wiki ya pili au ya tatu. Akija ya nane, hakuna kitu kitakachorekebishwa.

Kinu_Doho

Naunga mkono hilo la ukaguzi. Nyongeza moja: nakala ya daftari la vipimo ibaki kinuni. Mwanafunzi akiondoka nalo, Juni ijayo mwenzake ataanza upya.