Naomba ushauri: karafuu mbichi na mvua za vuli

Assalaamu alaykum, ndugu zangu. Mimi na mwenzangu ni wastaafu, tunaishi Wete, Pemba, na wiki yetu sasa inakwenda kwa karafuu za mikarafuu michache ya nyuma ya nyumba: asubuhi tunaanika, jioni tunakaa barazani kuchambua makonyo (vile vijiti vinavyoshika karafuu), na siku ya soko mmoja wetu hubaki kulinda majamvi dhidi ya kuku, kazi ambayo mwenzangu huniachia mimi.

Tatizo ni mvua. Karafuu zinahitaji siku kadhaa za jua kamili, lakini wiki hii mawingu yametanda, na zile zilizofika nusu ukavu zimeanza kupauka na kutoa harufu ya uvundo. Tumezitandaza ukumbini juu ya majamvi, madirisha wazi, tukazigeuza mara kwa mara. Bado katikati ya tandazo, ukitia mkono, unahisi joto.

Naomba kuuliza: je, zilizokwishapauka zichanganywe na nyingine au zitengwe kabla ya kupelekwa kituo cha ununuzi? Na mvua ikiendelea, tandazo la ndani liwe jembamba kiasi gani ili zisivunde?