Mjadala: Je, filamu za Kitelugu za miaka ya 2000 ziliwachafulia jina watu wa Rayalaseema?

Mleta mada:

Wakuu, salaam. Filamu za Kitelugu, lugha ya kusini mwa India, zilitufikia kwa kuzunguka: kwanza zinatiwa sauti za Kihindi, halafu mtafsiri wetu wa banda la video anaweka Kiswahili juu yake, na sisi tunaziita zote "picha za Kihindi". Ndiyo maana ugomvi mkubwa walio nao Watelugu wenyewe juu ya filamu hizo haujulikani kwetu. Naomba tuujadili.

Mwaka 1999 ilitoka Samarasimha Reddy. Mwaka 2001 mwongozaji yuleyule, B. Gopal, na nyota yuleyule, Balakrishna, wakatoa Narasimha Naidu. Zote mbili zikapiga pesa, na mlango ukafunguka. Mwaka 2002 peke yake tuliletewa Aadi, Indra na Chennakesava Reddy. Koo mbili zinawindana, mtoto analipa kisasi cha baba, mundu mrefu mkononi, mabomu ya kienyeji, msafara wa magari ya Tata Sumo yakirushwa juu kama vibiriti. Na mahali ni palepale: Rayalaseema, yaani wilaya za Kurnool, Anantapur, Kadapa na Chittoor, kusini mwa jimbo la Andhra Pradesh la wakati ule, huko India.

Mimi nasema watu wale walidhulumiwa. Chukua Okkadu ya mwaka 2003. Kijana wa Hyderabad, Mahesh Babu, anakwenda Kurnool kwa mashindano ya kabaddi, mchezo wa Kihindi wa kukamatana. Karibu na ngome ya Konda Reddy, mchana kweupe, anamkuta Obul Reddy, mbabe wa mji aliyechezwa na Prakash Raj, akimchukua msichana kwa nguvu. Mji mzima umeinamisha kichwa. Mgeni ndiye anayempiga mbabe na kukimbia na msichana. Filamu ni tamu, sikatai, nimeirudia mara nyingi. Lakini tazama walivyogawiwa kazi: ushujaa umetoka nje, unyama ni wa wenyeji, na raia wa Kurnool hana kazi nyingine ila kuogopa.

Sasa tujiulize nani alikuwa na kamera. Mitaji mingi ya sinema ya Kitelugu imetoka pwani, kwenye delta za Krishna na Godavari, ambako Waingereza walijenga bwawa la Dowleswaram tangu karne ya 19 na mpunga ukastawi. Rayalaseema iko upande usiopata mvua. Anantapur ni miongoni mwa wilaya kavu kuliko zote India. Mkulima anapanda karanga, mvua ikigoma anapanda basi kwenda Bangalore kutafuta kibarua. Kurnool ilikuwa makao makuu ya jimbo la Andhra mwaka 1953, na mwaka 1956 makao yakahamishiwa Hyderabad. Hayo ndiyo maisha ya watu wale. Kwenye skrini tukaonyeshwa damu tu.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, hapa nakupinga waziwazi. Damu haikuzuliwa na sinema. Mwaka 1998 Raja Reddy wa Kadapa, baba yake Y. S. Rajasekhara Reddy aliyekuja kuwa waziri kiongozi wa jimbo mwaka 2004, aliuawa kwa mabomu. Januari 2005 Paritala Ravi, mbunge wa jimbo na waziri wa zamani, aliuawa Anantapur. Ulitaka waongozaji wafumbe macho?

Halafu umechagua filamu moja inayokufaa. Katika Indra, shujaa, anayechezwa na Chiranjeevi, ni mtu wa Rayalaseema mwenyewe, na shida ya maji imo ndani ya hadithi. Balakrishna naye anacheza mtu wa huko, mwenye heshima na msimamo. Na watu wa Rayalaseema ndio waliofurika kwenye kumbi kuziangalia. Soko lao wasambazaji wanalitegemea hadi leo. Mtu aliyetukanwa hanunui tiketi ya kutukanwa tena.

Mchangiaji wa pili:

Ndugu zangu, mbona wote mnazungumzia wanaume tu? Mimi naipima miaka ile kwa wanawake. Kazi ya mama ni kulia, kazi ya mke ni kuwa mjane, basi. Ilibidi tusubiri mpaka 2018, mwongozaji Trivikram alipotoa filamu ya Aravinda Sametha Veera Raghava. Humo uhasama wa vijiji viwili umeanzia kwenye mchezo wa karata, kwa rupia 5 tu. Bibi ndiye anayemgeukia mjukuu wake, ambaye baba yake ameuawa na yeye mwenyewe ameshaua, na kumtaka auzime huo moto. Swali hilo lingeulizwa mwaka 2001 pengine leo tusingekuwa tunabishana.

Mleta mada:

Dada, hapo umenena. Nilitamani mtu aitaje hiyo filamu.

Mkuu wa kwanza, vifo ulivyotaja ni vya kweli. Lakini hao walikuwa watu wa siasa, na ugomvi wa siasa za kule una chanzo kinachoeleweka: kura, mikataba, machimbo ya mawe, nani ameshika madaraka. Filamu zilifuta chanzo zikabakiza ukoo na hasira, hadi mtazamaji akaamini kuwa mtu wa Kadapa huzaliwa na mundu. Hata maji ya Indra unayoyasema, yanapatikana kwa sababu bwana mkubwa mmoja amejitoa. Mwananchi anapiga magoti na kushukuru, hadai haki yake kwa serikali.

Na hoja ya tiketi sikubaliani nayo kabisa. Mtu ambaye hajawahi kuonyeshwa akiwa mkubwa kwenye skrini, siku akiona jina la kijijini kwake limetamkwa na nyota, atakwenda tu. Kwenda kwake hakumaanishi ameridhia kila kilichosemwa juu yake. Kijana wa huko anayeomba chumba cha kupanga Hyderabad na kuulizwa kama ametokea kwenye mabomu ndiye anayelipa gharama.

Kwa hiyo kwa wanaoniona nimetia chumvi, ombi langu ni moja. Nileteeni filamu moja kubwa ya miaka ile, ya nyota wa daraja la kwanza, ambayo mkulima wa karanga wa Anantapur ndiye mhusika mkuu na hajashika silaha. Nitaitafuta na kuitazama, kisha tuendelee.